Mwanamke wa Novemba

Mwalimu Mhina aliileta imekunjwa mara nne
ndani ya daftari la mahudhurio:
ukurasa wa kalenda, Novemba ya mwaka wa zamani,
siku zake zote zimekatwa kwa mkasi.
"Itie fremu," akasema, "mbao nyembamba, kioo kisichong'aa.
Ni ya Mfaransa mmoja. Jina lake lilikuwa hapa chini,
panya wamelila."
Akaacha elfu tano, akapanda baiskeli,
akaahidi Jumamosi.

Jumamosi ngapi zimepita? Sikuhesabu.

Picha yenyewe ni chumba.
Dirisha moja, meza, birika lisilofuka,
kiti kitupu kilichosogezwa kidogo
kama mtu amekwenda kufungua mlango akachelewa.
Na mwanamke ameketi.
Ukuta una maua, gauni lake lina maua,
maua yale yale, rangi ya chai iliyomwagikia karatasi,
hata hujui bega linapokoma
na nyumba inapoanzia.
Uso ni doa tu, doa la rangi ya unga.
Hakuna anayelia humo, hakuna anayecheka,
hakuna hata paka.
Nikajiuliza: mtu alipe pesa atundike nini hapa?

Nikaiegemeza juu ya kabati, karibu na kopo la gundi,
nikaendelea na vyeti vya watu,
na maarusi wa Makorora,
na Ayatul Kursiy zenye kingo za dhahabu.

Mama ndiye aliyeitazama.
Mama, Somoe binti Kibwana, fundi cherehani
tangu Barabara ya Kumi na Mbili haijaijua lami,
ambaye sasa hatungi sindano
bila kukopa macho ya mjukuu.
Akaishusha, akaisogeza puani kama anayenusa samaki.
"Anashona huyu," akasema.
Mimi sikuwa nimeona.
"Tazama kiwiko. Tazama shingo ilivyoinama.
Hiyo ni shingo ya mtu aliye kwenye upindo,
na upindo wenyewe mrefu, wa shuka au pazia.
Ila huyo mchoraji wako kasahau uzi."
Nikatafuta. Kweli, uzi hakuna.
"Labda hauonekani tu," nikasema, "ni mwembamba."
"Uzi hauonekani kwa anayevaa.
Kwa anayeshona, ndicho kitu pekee kinachoonekana."
Akanyamaza, kidole gumba juu ya lile doa.
"Tena hajakaa huyu. Amekaliwa.
Nyumba imemkalia."

Akairudisha kabatini,
akaniuliza kama nimenunua mkaa.

Jana umeme ulikatika saa kumi na moja na nusu,
nami na nusu ya kioo mkononi.
Niliingia ndani kutafuta kiberiti.
Mwanga uliobaki ulikuwa wa dirishani,
mzito, umejaa vumbi la mbao zangu.
Pazia letu ni la kitambaa kilichobaki
aliposhona dera lake la Idi,
majani ya kijani juu ya manjano iliyochoka kufuliwa.
Miaka yote nimepita hapo
nikifuata chai, nikiuliza soksi za shule ziko wapi,
nikiomba hela, nikidanganya,
wala sikuwahi kutafuta bega linapokoma.

Kitu kilikuwa kinapanda na kushuka,
kidogo, kama ubavu wa mtoto aliyelala.
Mkono.
Na kati ya mkono na nguo, mara moja tu,
mstari mweupe, ukawaka, ukapotea.

Kile kiti kingine kilikuwa kimesogezwa.
Sijui na nani.

Nilisimama na njiti kidoleni bila kuiwasha.
"Mama?"

Pazia likaitika:
"Mkaa umepata?"